Kaskazi Ikikaza: Kumjua Anayeua Zizini na Shambani, Kabla ya Kulilaumu Jua

Upepo wa kaskazi ukishakaza, huku kwetu nyuma ya Malindi kila kifo kina mshtakiwa mmoja. Ng'ombe akianguka, jua. Mbuzi akitupa mimba, jua. Nazi zikipukutika zingali changa, jua. Nami nilikuwa mmoja wa mashahidi wa upande huo, mpaka Februari moja nilipozika mbuzi watatu asubuhi moja na jua halikuwa na hatia hata kidogo. Kisa hicho kinakuja.

Tangu siku ile nina kauli yangu. Jua huchosha, hukondesha, hukata maziwa. Lakini wengi wa wanyama niliowaona wakifa kiangazi waliuawa na kitu tulichowapa kwa haraka tukidhani tunawaokoa: maji mengi kwa mpigo, nafaka ya ghafla, majani mabichi yaliyochipuka pasipofaa, kisima cha chumvi. Kwa hivyo hapa tutaanza na dalili, na kwa kila dalili kuna kitu cha kutazama kabla hujatoa pesa.

Nasema na wa Ganda, Jilore na Langobaya, na wa ng'ambo ya mto Sabaki: Marafa, Garashi, Adu, Chakama. Mjini Malindi kuna upepo wa bahari jioni. Huku bara hatuna bahati hiyo, na kuanzia Januari mpaka masika yaingie Aprili tunaokwa. Vifaa unavyohitaji ni vitatu: kipimajoto (hata kile cha watoto cha duka la dawa, mradi ukiandike alama kisirudi ndani), simu yenye saa, na mtungi wa lita 20.

Anahema ulimi nje, mate yanachuruzika

Ng'ombe anayehema saa nane mchana huenda amezidiwa na joto tu, au ana homa, na tiba zake hazifanani.

Simama kando, usimkimbize. Tazama shimo la ubavuni linavyopanda na kushuka, hesabu kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili. Ng'ombe aliyetulia kivulini hupumua mara 30 hivi kwa dakika. Akifika 60, joto limeanza kumlemea. Akipita 80, mdomo wazi na shingo kainyoosha mbele, acha kila kazi nyingine.

Kesho yake amka saa kumi na moja alfajiri, umpime joto kwa njia ya haja kubwa. Mnyama aliyeonewa na jua hupoa usiku: alfajiri utamkuta kati ya 38 na 39. Mwenye homa hapoi. Alfajiri bado yuko 40 na zaidi, manyoya yamesimama, hataki kula hata kabla jua halijachomoza. Joto la mbuzi huwa juu kidogo kuliko la ng'ombe, kwa hivyo 39 na nusu kwake si neno.

Ukikuta homa, peleka mkono chini ya sikio, halafu mbele ya bega. Ukigusa uvimbe kama kokwa la embe chini ya ngozi, fikiria ndigana kali, ile inayoletwa na kupe wa masikio. Sisi wa pwani tuna undugu nayo usiotakikana: Waingereza waliiita homa ya Pwani ya Mashariki kwa sababu ilipolipuka kusini mwa Afrika mwaka 1902 ilionekana imeingia na ng'ombe waliopakiwa melini kutoka pwani zetu. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, na ni kazi ya leo. Akishaanza kukohoa na kutoa povu puani umechelewa. Mkojo mwekundu au kinyesi kikavu kama changarawe ni kupe pia, ila ugonjwa mwingine. Usimdunge sindano ileile uliyopewa na jirani.

Ukikuta ni joto tu, mpeleke kivulini. Mwarobaini au mwembe ni bora kuliko banda la mabati, maana bati huchoma kutoka juu. Kama huna mti, tandaza makuti juu ya nguzo ndefu, upepo upite chini. Mmwagie maji miguuni kwanza, halafu tumboni na mgongoni, uache upepo uyakaushe. Ule ukaukaji ndio unaompoza. Nimeona watu wakimfunika ng'ombe magunia yaliyoloweshwa. Gunia huzuia upepo, na baada ya robo saa limekuwa blanketi la mvuke. Litoe.

Kuna jambo moja dogo lenye faida kubwa: saa ya kulisha. Majani makavu yanapomeng'enywa tumboni huzalisha joto, na joto hilo hupanda saa kadhaa baada ya kula. Ukimlisha mabua saa tatu asubuhi, moto wa ndani na wa nje unakutana saa nane. Mlishe jioni jua likizama na tena alfajiri. Wafugaji wa Kiorma hupeleka ng'ombe malishoni kabla hakujapambazuka, na si kwa sababu wamekosa usingizi.

Ametoka kunywa maji, sasa anayumba

Dalili hii huitiwa mganga. Kundi limekaa siku mbili au tatu bila maji, mtambo umeharibika au boza halikuja, kisha maji yakapatikana. Wanyama wanakunywa kama wanaoshindana. Saa chache baadaye mmoja anatembea ovyo, kama haoni, anagonga kichwa kwenye nguzo, anaanguka na kutetemeka. Ndama mara nyingine hukojoa mkojo mwekundu.

Hajarogwa. Mwili uliokauka umejaa chumvi, na ubongo umezoea hali hiyo. Maji mengi yakiingia ghafla hukimbilia kule kwenye chumvi, na ubongo unavimba ndani ya fupa lisilotanuka. Hatari huzidi kama wamekuwa wakilamba chumvi bila maji ya kutosha. Kwa hivyo jiwe la chumvi litoe zizini siku maji yanapokatika, ulirudishe yakisharudi.

Mnyama aliyelala kiu mpe kidogo kidogo: ng'ombe nusu ndoo, pumzika, baada ya saa nyingine nusu ndoo, hivyo hivyo mpaka jioni. Mbuzi lita moja kwa zamu. Tatizo ni kuwazuia wengine wakati mmoja anakunywa. Usiwalete wote kwenye birika, walete wawili wawili. Ni kazi ya kutukanana na watoto mchana kutwa, lakini ndiyo hiyo.

Na hesabu ya maji uifanye mapema. Ng'ombe wetu wa kienyeji kiangazi hunywa lita 40 hivi kwa siku, anayenyonyesha zaidi, mbuzi kama 5. Ng'ombe sita na mbuzi kumi na watano: lita 240 na lita 75, jumla 315. Hiyo ni mitungi kumi na sita kila siku ya Mungu. Ukishaona hesabu hiyo ndipo utajua kama kundi lako ni la kiangazi hiki au umebaki na kundi la mvua zilizopita.

Anasogea kwenye maji, anaonja, anaondoka

Au anakunywa na kuharisha, na maziwa yamepungua. Hapo shuku maji yenyewe.

Ukitoka Gongoni kwenda Marereni unaona vilima vyeupe vya chumvi barabarani; ardhi iliyozaa viwanda vile ndiyo iliyobeba visima vyenu. Wakati wa mvua maji matamu hukaa juu ya mazito, kiangazi yanapungua na ndoo inafika kwenye chumvi. Kisima kilichokuwa kizuri Novemba si lazima kiwe kizuri Machi.

Dalili ya nyumbani ni sabuni kukataa kutoa povu. Iliyo bora ni kipima chumvi cha mfukoni. Chama cha wafugaji kikichanga, kimoja kinatosha kijiji. Chini ya miligramu 3,000 kwa lita, mifugo yote hunywa bila shida. Hadi 5,000 ng'ombe watu wazima watavumilia, huenda wakaharisha siku za mwanzo. Ikipita 7,000 usiwape wenye mimba, wanaonyonyesha wala ndama. Ikifika 10,000 funga kisima, hata kama wanakulilia. Maji ya bahari, kwa kulinganisha, ni 35,000. Ngamia huvumilia chumvi kuliko ng'ombe, kwa hivyo usiseme "mbona wale wa fulani wanakunywa hapa." Kisima kikali kidogo changanya na maji ya boza, uanze kupima upya.

Silanga, lile bwawa la kuchimba, nalo lina mtego wake. Maji yakipungua, yakapata joto na samadi, hutanda utando wa kijani unaong'aa kama rangi iliyomwagika. Mwani ule una sumu inayoweza kuua ndani ya saa chache. Chota maji mbali na upande ambao upepo unaulundika utando, au bora uhame kabisa. Na silanga likibaki tope, zungushia miiba uwape maji kwenye birika nje, maana ng'ombe dhaifu akizama magotini hana nguvu ya kujitoa. Kule mtoni ni hivyo hivyo, na Sabaki ina mamba juu ya tope.

Anatafuna mifupa, kamba, nailoni

Watu hucheka. Mimi dalili hii naiogopa kuliko kuhema.

Jirani yangu, mama mtu mzima, alinionyesha ng'ombe wake akiwa amesimama jaani, mfupa wa mguu umekaa mdomoni kama sigara, anautafuna macho kayafumba. "Mwanangu, huyu si ana njaa tu?" Nikamwambia, shangazi, majani anayo pale, hayataki. Anachokitafuta ni madini. Nyasi zikikauka kabisa fosforasi hupotea humo, na mnyama huisaka popote: mifupa, udongo, nguo kwenye kamba, viatu.

Kuna njia mbili za kufa hapo. Ya kwanza ni nailoni. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya Agosti 28, 2017, na kweli majaa yalipungua sura, lakini karatasi za mkate, magunia ya mbolea na kamba za marobota zipo tele. Hukusanyika tumboni zikawa fundo. Dalili zake: ubavu wa kushoto unavimba, unashuka, unavimba tena baada ya siku, anakula kidogo na kushiba, anakonda akiwa na tumbo kubwa. Ukikandamiza kwa ngumi pale kushoto unahisi unga mgumu ulioshindiliwa. Hakuna dawa ya kunywesha itakayoyeyusha nailoni. Ni upasuaji au bucha, na uamuzi ufanyike angali na nyama.

Ya pili ni mbaya zaidi. Mfupa wa mzoga uliooza ukiwa na mabaki ya nyama hubeba sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Mnyama huanza kuyumba nyuma, analala kifuani, ulimi unatoka na ukiuvuta haurudishi, mate yanatiririka kwa sababu hawezi kumeza. Hana homa, na macho yake yanakutazama vizuri kabisa. Akili iko, mwili haupo. Wachache hupona. Lakini nakusihi: mnyama yeyote anayetoa mate na kushindwa kumeza usimtie mkono mdomoni kutafuta kilichokwama. Kichaa cha mbwa huonekana hivyo hivyo, nacho kikikuingia wewe na dalili zikaanza, hakuna atakayekuponya. Mfunge mbali na watoto na mbwa, umwite daktari.

Kinga ya zote mbili ni moja: kila mzoga uteketezwe au uzikwe kwa kina siku hiyohiyo, na wanyama wapate jiwe la madini lenye fosforasi. Nasema la madini. Lile jeupe la chumvi tupu halimalizi hamu ya mfupa. Soma karatasi yake kabla hujalipa.

Anakonda

Wote wamekonda? Ni njaa. Mmoja au wawili wamekonda na wenzao wako sawa? Ni ugonjwa, au meno. Nimeona mtu akinunua majani ya pesa nyingi kwa ajili ya ng'ombe mzee ambaye hana cha kutafunia.

Vuta kope la chini la mbuzi kwenye mwanga. Likiwa jekundu kama waridi, vizuri. Likiwa jeupe kama karatasi, damu imekwisha, na wa kulaumiwa ni minyoo, kupe au mbung'o. Tunadhani minyoo ni ya mvua, na ndivyo ilivyo, lakini kiangazi wanyama wote husongamana kwenye kile kipande kimoja cha kijani kando ya maji, na hapo ndipo minyoo iliyobaki inapowangoja. Waliolishwa kwenye vinamasi vya Sabaki au kandokando ya Ziwa Jilore huokota pia minyoo bapa ya ini, ambayo mabuu yake hutoka kwa konokono wa majini. Uvimbe laini chini ya taya, kama mfuko wa maji, ndio ishara. Na dawa ya kawaida ya minyoo huenda isiiguse, kwa hivyo taja ini unaponunua.

Waliochunga karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, au waliotoka upande wa Lamu, wafikirie nagana, ugonjwa wa mbung'o: kope jeupe, homa inayokuja na kuondoka, mitoki imevimba, na hamu ya kula anayo ila hanenepi. Hapimwi kwa macho. Damu yake itazamwe.

Kama ni njaa ya wote, swali la kweli ni lini utauza. Taarifa ya ukame ya NDMA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti ukame, hutoka kila mwezi na Kilifi imo. Ikianza kusema tahadhari, peleka mnada wa Bamba madume ya ziada na wazee wakiwa bado na mgongo. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na waliosubiri msimu wa tatu "labda itanyesha" waliuza ngozi. Najua ng'ombe si pesa tu kwetu, ni mahari na matanga. Ila aliyekufa zizini halipi mahari.

Alikuwa mzima, amekula, amekufa

Sasa kisa changu. Mbuzi kumi na mmoja, mbavu zinahesabika. Nikapata mahindi yaliyovunjika kwa bei nzuri, nikamwaga nusu debe kwenye hori, nikaenda kulala nimejisifu. Asubuhi watatu wamekufa, wawili wamelala wanasaga meno. Ajabu ni kwamba waliokufa walikuwa wale wenye nguvu, mabeberu wawili na jike kubwa, waliowasukuma wenzao na kufika horini kwanza. Wanyonge walisalia kwa sababu walinyimwa.

Tumbo la mbuzi lililozoea majani lina wadudu wa kumeng'enya majani. Ukilimwagia nafaka ghafla, wanga huchachuka kama togwa na kuwa asidi. Vijidudu vinakufa, maji ya mwili yanamiminika tumboni. Weka kiganja ubavu wa kushoto usukume: unasikia maji yakicheza kama ndani ya mtungi nusu. Kinyesi ni maji ya harufu kali ya uchachu. Ukiwahi, koroga vijiko vinne vya chai vya bikaboneti, ile magadi soda ya unga (baking soda) wanayotilia maandazi, katika nusu lita ya maji, umnyweshe mbuzi mkubwa polepole akiwa amesimama, kichwa usikiinue kupita mgongo asije akapaliwa. Halafu majani makavu tu. Asiyeweza kusimama ni wa daktari.

Nafaka, pumba, machicha ya nazi, mabaki ya ugali, vyote ni chakula kizuri: anza na ukufi mmoja kwa mbuzi, ongeza taratibu kwa wiki mbili, na majani yatangulie kila mara.

Muuaji wa pili anafanya kazi kwa dakika. Mtama uliokatwa, kisha ukachipua vijiti vya kijani, au uliodumaa kwa ukame. Na majani mabichi ya mihogo, hasa michungu. Vyote vina kitu kinachogeuka sumu ya sianidi vikitafunwa. Mnyama anahema kwa nguvu, anayumba, anaanguka miguu ikipiga, na ukifunua ufizi ni mwekundu wa kung'aa, kama damu iliyokatwa sasa hivi. Dawa ipo lakini iko mkobani kwa daktari, na saa hiyo daktari yuko Malindi. Usiache mifugo kwenye mtama kabla haujafika kiunoni mwa mtu. Majani ya mihogo yakate vipande vidogo, yaanike juani mpaka yavunjike mkononi. Kunyauka tu hakutoshi.

Mathenge (ile miti ya miiba), yaliyosambaa Tana River tangu yapandwe Bura miaka ya 1980 na sasa yanatunyemelea, hayaui hivyo. Maganda yake ni matamu, mbuzi huyapenda kupita kiasi, na sukari huwaozesha meno. Yatwange unga, uchanganye na majani makavu.

Shambani: mahindi

Nitapita upesi, kwa sababu mahindi ya Januari bila pampu ni kamari na nimeshasema hivyo kwa watu wazima wenzangu mara nyingi. Yaliyo kando ya Sabaki yakikunja majani saa saba na kuyafungua jioni yanajikinga, yaache. Yakiamka asubuhi yangali yamekunja, yana kiu. Maji machache uliyo nayo yawekee wiki ile mbelewele na nywele zinapotoka. Kiu ya siku chache hapo hukuachia gunzi lenye meno ya bibi kizee. Majani ya kati yenye matundu na unga kama wa msumeno ndani ya kikonyo ni viwavijeshi, usimwagilie ukidhani ni ukame.

Mmea mmoja mmoja wa mahindi unaanguka? Ung'oe. Ukitoka bila kusita, na bua limejaa udongo badala ya nyama, ni mchwa. Hawapati majani makavu wala matandazo, basi wanakula ulichopanda. Watandazie mabua makavu pembeni wapate pa kula.

Nazi zinapukutika

Wazee wangu hapa walimtafuta mchawi. Okota zile changa kumi, kaa kivulini, zitazame moja moja upande wa kofia.

Zikiwa safi, kijani, hazina kovu, mnazi umezitupa wenyewe kwa kiu. Zikiwa na kidonda kilichotoa gundi ngumu inayong'aa, ni kunguni wa minazi, anayezichoma na kufyonza. Zikiwa na pembetatu ya kahawia inayoanzia chini ya kofia na kupasuka kama gamba la mti, ni utitiri. Nyingi hubaki juu lakini hudumaa. Na makuti yakiwa yamekatwa kama kwa mkasi umbo la V, ni mdudu aitwaye chonga, na atakuwa amezaliana kwenye samadi au magogo yaliyooza karibu nawe.

Kwa kunguni, rafiki yako ni majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wanauma vibaya, mgema anawachukia, lakini kwenye mnazi wenye majimoto kunguni hakai. Ukiwachoma moto ili mgema apande kwa raha, usishangae.

Kwa kiu, chimba mfereji wa nusu duara hatua mbili kutoka shinani, panga makumbi yakiwa yametazama juu kama vikombe, fukia. Yanashika maji ya mvua kama sifongo na kuyatoa polepole. Na jua hili: nazi huchukua kama mwaka mmoja tangu ua lifunguke, na karara lenyewe huanza kujengwa ndani ya kilele zaidi ya mwaka kabla ya hapo. Kwa hivyo mnazi usiozaa mwaka huu huenda unalipa deni la kiangazi cha mwaka juzi. Usiukate.

Mihogo na bustani ya mboga

Mhogo ukipukutisha majani umelala, haujafa. Kwaruza gome: kijani chini yake, uko hai. Majani yenye madoa ya njano na kujikunja yalikuwepo hata kabla ya kiangazi. Hiyo ni batobato, na mbegu yake usiipande tena. Chunga mdomo: ukame huzidisha uchungu na sumu ndani ya mhogo. Hata aina ya Kibandameno uliyoizoea, ikikuchoma ulimini, menya, loweka, ichemshe uimwage maji.

Nyanya inayooza kitako imemwagiliwa kwa kurukaruka, leo mafuriko kesho ukavu. Mwagilia kidogo kila siku, jioni, shinani. Majani ya biringanya yenye vumbi la njano, yakungute juu ya karatasi nyeupe: vumbi likitembea ni utitiri. Kingo za majani zikiungua na udongo ukiota unga mweupe, rudi kwenye sehemu ya kisima cha chumvi.

Mvua imenyesha, na bado wanakufa

Wiki ya kwanza ya masika ndiyo huwazika wengi kwangu. Mnyama aliyebaki mifupa hulowa usiku kucha na kufa kwa baridi, katika Malindi hiihii. Asubuhi anayenusurika hukimbilia nyasi changa zenye maji matupu, anaharisha, anamaliza nguvu aliyobakiza akitembea kutafuta nyingine. Na ule mtama uliokatwa Januari umechipua usiku mmoja.

Ndiyo maana marobota mawili ya mwisho ya majani makavu siyagusi Machi, hata wakilia. Nayaweka juu ya dari, nayafungua siku mvua inapoanza, nawalisha zizini asubuhi mpaka washibe ndipo nafungua mlango.